Baleni na bowa kwenye mizani

Mtoto wa dada yangu alinyimwa alama moja na simu. Alivyosema mwenyewe ni hivyo, "simu imeninyima", akiwa amesimama mlangoni na sare ya shule, kiatu kimoja mkononi, matope ya Katuba yamempanda hadi kwenye soksi. Alikuwa akicheza ule mchezo wa maswali unaokupa sekunde chache na majibu manne. Swali: kiumbe hai kikubwa kuliko vyote duniani ni kipi? Akabonyeza nyangumi wa buluu. Simu ikalia vibaya na kumwandikia kwamba jibu ni uyoga.

"Mjomba, kipi kikubwa, baleni ao bowa?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Sisi wa Lubumbashi nyangumi tunamkuta kitabuni tu, na mdomoni tunamwita baleni, jina alilokuja nalo kwenye Kifaransa cha shule. Uyoga tunauita bowa, neno la Kibemba, na mvua zikianza huwezi kupita barabara ya Kasenga bila kulisikia likipigiwa kelele dirishani mwa gari. Kwa hiyo swali la mtoto lilikuwa na kichekesho chake: mnyama ambaye hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kumwona, ashindwe na kitu tunachokula na bukari, yaani ugali.

Aliniuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kupima. Nina miaka kumi na moja kwenye mizani ya malori. Lori linapanda likiwa tupu, naandika. Linarudi na shaba, naandika. Natoa ya kwanza kwenye ya pili, napiga muhuri, dereva anaweka sahihi, mwingine apande. Sijui mengi ya dunia, lakini mtu akiniambia kitu fulani ni kikubwa, jambo la kwanza ninalomwuliza ni kilipimwa wapi na nani.

Nikamwambia avue kiatu cha pili, tuanze na baleni.

Nyangumi wa buluu ni kazi rahisi, nilidhani. Urefu wake unafika mita 30 hivi. Uzito unaotajwa siku zote ni wa jike mmoja aliyevuliwa bahari ya kusini, karibu na Antaktika, mwaka 1947: tani 190. Lori refu la remorki (trela) mbili likijaa, pamoja na shaba yake, ni tani 56. Piga hesabu: malori matatu yaliyojaa, na la nne limeanza kupakiwa. Mtoto wake anazaliwa na urefu wa mita 7 na uzito wa tani mbili na ushee, yaani bunda moja la kathodi, mabamba ya shaba, lile tunaloliinua kwa foko. Halafu ananyonya na kuongeza kilo 90 kwa siku. Kwa siku! Mpwa wangu alicheka hapo mpaka akakaa chini.

Mama Mukubwa alikuwa barazani, mgongo wake kwetu, ndoo ya bowa kati ya miguu. Yeye anauza bowa tangu mimi sijazaliwa. Bila kugeuka akauliza, "Si ni ile samaki ya Yona?"

"Haina samaki, Kambo," mtoto akamjibu bibi yake. "Inanyonyesha."

"Na Yona?"

Hapo nilijibu mimi, kwa heshima, kwamba yule wa buluu koo lake ni jembamba na mtu hapiti, chakula chake ni kamba wadogo wa baharini, tani kadhaa kila siku, anawachuja kwenye sahani za kinywani kama mtu anayechuja majani ya chai. Mama Mukubwa akasema basi wa Yona alikuwa mwingine. Sikubishana. Dada wa mama yako hubishani naye mambo ya Biblia wakati ameshika kisu.

Lakini usiku, watu wamelala, nilirudi kwenye zile tani 190, maana kuna kitu kilikuwa kinanikera. Walimpimaje? Mizani ya kumlaza mnyama wa mita 30 haikuwapo. Nikasoma. Walimkata. Kwenye meli za uvuvi na vituo vya pwani nyangumi alichunwa, akakatwa vipande vya mafuta, nyama, mifupa, ulimi, kila kipande kikawekwa kwenye mizani ndogo au kikahesabiwa kwa mapipa, kisha wakajumlisha. Damu na maji yaliyomwagika hayakupimika, kwa hiyo wakaongeza kiasi kwa kukadiria. Yule mfalme wa bahari uzito wake ni jumla ya vipande na nyongeza ya damu iliyopotea. Nusu ya tulichojua juu ya mwili wake tulikijua kwa kumchinja, na tulimchinja sana: katika kizio cha kusini peke yake karne iliyopita waliuawa zaidi ya 300,000, hadi marufuku ilipokuja katikati ya miaka ya 1960.

Mimi kupima vipande nakujua. Mizani ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa fupi kuliko malori. Kichwa na remorki ya mbele vinapanda, unaandika, dereva anasogea, remorki ya nyuma inapanda, unaandika, unajumlisha. Siku moja jumla yangu ilizidi karatasi ya mgodi kwa kilo 900. Nikakataa kupiga muhuri. Dereva alikuwa mzee wa Tunduma, ndevu nyeupe, mtu wa taratibu. Alilala chini ya gari lake siku mbili. Kila asubuhi alikuja dirishani kwangu, ananisalimia vizuri, halafu ananiambia neno lile lile: "Kijana, hilo gari ni moja. Wewe umepima magari mawili." Siku ya tatu fundi akafungua bamba la mizani, akakuta matope yamekauka na jiwe limekwama upande mmoja. Kosa lilikuwa letu, na zaidi langu, kwa sababu kufagia kule chini ilikuwa zamu yangu. Yule mzee alichukua karatasi zake bila kunitukana. Angenitukana ningesahau haraka.

Basi, bowa.

Nilidhani simu ilikuwa inasema uyoga wa aina ya ule wetu, kwa sababu ule wetu si mdogo. Kwenye miombo ya Katanga na Zambia kuna bowa ya kichuguu ambayo kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Wataalamu waliipa jina la kisayansi mwaka 1980, Termitomyces titanicus, ila mama zetu walikuwa wameshaifunika vichwani kama mwavuli miaka mingi kabla ya hapo. Nimeona kwa macho yangu mwanamke anashuka kwenye baiskeli na bowa moja tu imejaza beseni. Lakini hata hiyo huwezi kuilinganisha na nyangumi, labda na sikio la tembo.

Simu ilikuwa inasema uyoga mwingine, wa Marekani. Na hadithi yake inaanzia, usicheke, kwenye manowari. Jeshi la majini la Marekani lilitaka kuzungumza na manowari zake chini ya maji, likajenga mitambo ya mawimbi marefu ya redio kwenye misitu ya bara, mbali kabisa na bahari. Wanasayansi wakatumwa kwenye msitu wa Michigan, karibu na mji mdogo wa Crystal Falls, kuangalia kama mawimbi yale yanadhuru miti na udongo. Katika kuchimba chimba mizizi wakawa wanakutana na uyoga ule ule. Wanasogea mita mia, ni ule ule. Wanasogea tena, ule ule.

Ninaposema uyoga hapa futa ile kofia kichwani mwako. Kofia ni tunda. Mwili wenyewe ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa kwenye udongo na kuni zilizooza. Jamii hii, Armillaria, inasokota nyuzi zake kuwa kamba nyeusi, bapa kidogo, zinazofanana na kamba za viatu, na kwa kamba hizo inatoka mzizi wa mti huu hadi mzizi wa mti ule, inaingia chini ya gamba, inakula.

Walijuaje ni mmoja? Hapa pananifurahisha kuliko kilo zote. Unachukua kipande cha huku na kipande cha kule, unaviweka kwenye sahani moja ya maabara, unavifunika, unasubiri. Nyuzi zinakua, zinakutana katikati. Kama ni wageni, wanawekeana mpaka, mstari unaonekana kabisa kwenye sahani kama ukuta wa majirani waliokosana. Kama ni mmoja, zinaungana, mstari haupo, baada ya siku kadhaa huwezi kusema kipande cha huku kiliishia wapi. Baadaye walithibitisha kwa vinasaba. Mwaka 1992 Smith, Bruhn na Anderson waliandika kwamba mmoja huyo ameenea hekta 15, ana uzito usiopungua tani 10 na miaka 1,500. Magazeti ya dunia yakalipuka, na karibu kila mwandishi alitafuta mnyama wa kumlinganisha naye, wakamkuta nani? Nyangumi wa buluu. Ndiyo maana hata leo simu inawakutanisha hawa wawili ambao hawajawahi kukutana.

Tani 10, mnaona, nyangumi alikuwa anashinda kwa mbali. Ila mwaka 2018 wenyewe walirudi na kupima upya: hekta 37, miaka 2,500, na uzito tani 400. Kutoka 10 hadi 400! Kitu kile kile, msitu ule ule. Kwangu kazini ningeita mkubwa wangu, na mkubwa wangu angeita polisi.

Na huyo wa Michigan si yule wa jibu la simu. Yule yuko Oregon, kwenye msitu wa Malheur, ndugu wa jamii hiyo, Armillaria ostoyae. Watu wa misitu waliona miti inakufa kwa mabaka, wakachukua vipande 112 vya mizizi mahali mbalimbali, vikalinganishwa, vipande 61 vikawa vya mmoja. Eneo lake ni hekta 965, karibu kilomita 10 za mraba. Kutoka pembe moja hadi nyingine ni zaidi ya kilomita 3 na nusu, mwendo wa kama saa nzima kwa miguu, na muda wote huo unamkanyaga yeye. Umri wanasema kati ya miaka 1,900 na 8,650. Uzito kati ya tani 7,500 na 35,000.

Kati ya 7,500 na 35,000. Dereva aje dirishani kwangu aniambie gari lake lina kati ya tani 10 na 50, nimpigie muhuri gani?

Asubuhi nilimwambia mpwa wangu kwamba nimepata hukumu. Simu imemdhulumu. Nyangumi alipimwa, vibaya, kwa vipande, kwa kisu, lakini alipimwa, na alikuwa na mwanzo na mwisho, pua na mkia. Yule wa Oregon hakupimwa, alikadiriwa. Mtoto akaruka. Mama Mukubwa, aliyekuwa akichagua bowa za kupeleka soko la Kenya, la hapa hapa Lubumbashi, akasema kwamba mimi na simu wote hatujui tunachosema.

"Hivyo vipande vyenu mulivyookota," akaniuliza kama vile nilikuwa Oregon, "vilishikana? Ao vinafanana tu?"

Nikasema vinasaba ni vile vile.

"Mbuyi na Kabanga nao ni vile vile." Hayo ndiyo majina ya mapacha kwa Waluba, na mapacha wa nyumba ya pili kwetu kweli hata mama yao huwachanganya. "Utasema ni mutu moja? Ukimupiga Mbuyi, Kabanga analia?"

Sikuwa na jibu, na nilipoenda kutafuta niligundua mama huyu ambaye shule aliacha darasa la nne ameweka kidole mahali penyewe. Hakuna aliyechimba hekta 965 kuona kama kamba zote bado zimeshikana. Barabara zinapita juu, miti imekatwa, mioto imewaka, kamba huenda zimekatika mahali pengi, na kila kipande kinaendelea na maisha yake. Ni mmoja kwa kuzaliwa. Kama bado ni mmoja kwa mwili, hilo ni jambo lingine. Nyangumi ukimkata mara mbili hupati nyangumi wawili. Nikamkumbuka mzee wa Tunduma na gari lake moja.

Kuna jambo moja zaidi nililikuta usiku ule ambalo sikumwambia mtu, maana lilikuwa halisaidii upande wowote. Uyoga si ndugu wa mimea kama tulivyofundishwa, ni ndugu wa karibu zaidi wa wanyama. Kuta za nyuzi zake zimejengwa kwa kitini, na kitini hicho hicho ndicho gamba la wale kamba wadogo wanaojaza tumbo la nyangumi. Na ndicho gamba la mchwa.

Jumamosi iliyofuata Mama Mukubwa alitupeleka barabara ya Kasenga, mimi na mtoto, saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki mbili. Zamani, anasema, hakupita kilomita 15. Sasa watu wa makala, yaani mkaa, wamemaliza msitu na bowa nyingi za miombo zinaishi na mizizi ya miti, mti ukienda na bowa imeenda. Inayobaki ni ya vichuguu, nayo kwa muda tu. Vichuguu vyetu si vile vya kujikwaa. Ni vilima, vingine vinapita nyumba kwa urefu, na watafiti waliopima udongo wa baadhi yake hapa Katanga walikuta vya zaidi ya miaka 2,000. Rika moja na yule wa Michigan. Na udongo wake ndio mzuri kwa matofali. Kichuguu alichotuonyesha kilikuwa kimekatwa nusu, kama mkate, tanuru la matofali lipo pembeni bado linatoa moshi, na kwenye nusu iliyobaki, kwenye mteremko, zilikuwa zimetoka tatu.

Mpwa wangu alitaka kung'oa. Mama Mukubwa akampiga mkono.

"Chimba."

Bowa ya kichuguu ina mguu unaoendelea chini kama mzizi, kwa sababu haikuota juu pale. Mchwa wanailima chini kabisa, kwenye bustani zao za majani na kuni zilizotafunwa, na inapotaka kuzaa inasukuma shina hilo hadi juani. Nilipiga magoti nikafuata shina kwa vidole. Nyeupe, gumu, linapungua unene kila ninapoondoa udongo. Mkono ukaingia hadi kiwiko. Ukaingia hadi begani, shavu langu liko kwenye udongo baridi, na bado nililihisi linaendelea kushuka. Kisha likakatika. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti.

"Kila mutu anakata," Mama Mukubwa akasema. "Mimi sijaona mwisho yake."

Mtoto hakukubali yaishe bila mizani. Tulipita kazini kwangu tukirudi, Jumamosi hakuna foleni, mlinzi ananijua. Nikawasha mashine, nikasubiri tarakimu zitulie kwenye sifuri. Akaiweka ile bowa kubwa katikati ya bamba, peke yake, pale yanapopanda malori, akarudi mbio dirishani kuangalia.

Sifuri.

Nikamweleza kwamba mizani hii inahesabu kwa kilo ishirini ishirini, chini ya hapo haioni kitu. Akafikiri. Akaenda akapanda mwenyewe, bila bowa, akasimama wima kama askari. Tarakimu zikacheza, zikatulia: 40. Akainama, akaibeba bowa kwa mikono miwili, kofia ikamfunika hadi kidevuni, akapaza sauti kutoka nyuma yake: "Sasa, Mjomba?"

Nikaangalia. Bado 40.